Kupaka rangi mchoro wa penseli kwenye kompyuta bila kuipoteza penseli

Mchoro wa penseli mara nyingi huharibika kabla haujapata rangi yoyote. Huharibika juu ya kioo cha skana, pale mashine inapoambiwa kwamba kilichowekwa ni maandishi. Skana nyingi za steshenari hukaa kwenye mpangilio huo kutwa nzima, maana kazi zake ni vyeti, vitambulisho na barua za maombi. Mpangilio wa maandishi hulazimisha kila nukta iwe nyeusi tii au nyeupe pee, wakati penseli haina weusi huo na karatasi haina weupe huo. Penseli ni kijivu cha ngazi nyingi: kuna mstari ulioparaza karatasi tu, na kuna kivuli cha penseli laini ya 4B kilichokandamizwa na kurudiwa. Kijivu hicho ndicho kinachomwonyesha mtazamaji kwamba hapa umepita mkono wa mtu, na kikishakatwa hakuna programu itakayokirudisha. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na jambo hilo moja: penseli isitendewe kama wino.

Ukifika kwa mwenye skana, mwombe aiweke kwenye rangi au kijivu, azime marekebisho yote yanayojifanya yenyewe (hasa kunoa picha na kung'arisha karatasi), achague dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), na ahifadhi faili kama PNG au TIFF. PDF ikatae. JPEG nayo ikwepe ukiweza: hugawa picha katika vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8 na kubana kila kisanduku peke yake, na kandokando ya mstari wa penseli huacha vijidoa ambavyo mwanzoni huvioni, lakini ukishakaza weusi na weupe wa picha vinajitokeza vyote. Faili ichukue kwa flashi. Ikibidi ipite WhatsApp, itumwe kama hati, kwa sababu ikitumwa kama picha hupunguzwa ukubwa na kubanwa upya.

Kwa nini 600? Karatasi ya A4 kwa dpi 300 hutoa pikseli 2480 kwa 3508, na kwa 600 hutoa 4960 kwa 7016. Kwa kuchapa kwa ukubwa uleule, 300 zinatosha. Faida ya 600 huja baadaye: ukishasafisha, unapunguza picha hadi nusu, na kila pikseli mpya inakuwa wastani wa pikseli nne za zamani. Chembechembe za karatasi na vijidoa vya skana hulainika bila mstari kupoteza ukali. Kupaka rangi kwenyewe kufanyike kwa 300. Leya (tabaka la picha) moja ya rangi yenye uwazi, kwa A4 ya dpi 300, hula takriban MB 35 za kumbukumbu, na kwa 600 hula karibu 140. Ukifikisha leya kumi kwa 600, kompyuta yenye RAM ya GB 4 itaanza kukwama kila ukivuta brashi.

Kabla ya kufunga kifuniko, futa kioo kwa kitambaa laini kikavu, na kama kuna alama za vidole lowesha kitambaa, si kioo. Nyuma ya mchoro weka karatasi nyeusi. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 hupitisha mwanga, na kama upande wa pili kuna mchoro mwingine, utaonekana kama mzimu. Karatasi nyeusi huufuta mzimu huo. Weupe wa ukurasa hushuka kidogo, lakini unashuka sawasawa na unarekebishika kwa sekunde moja. Skana nyembamba za bei nafuu, zile zinazopata umeme kupitia waya wa USB peke yake, hutumia kihisi cha CIS kinachoona vizuri kitu kilichogusa kioo tu. Karatasi iliyojikunja, au ukurasa wa daftari ulioinuka karibu na mshono, hutoka na ukungu. Chana ukurasa, ulaze ndani ya kitabu kizito usiku kucha, kisha uuskani.

Simu inafaa pia, mradi usitumie programu za kuskani nyaraka, kwa sababu nazo hukata kijivu vilevile. Piga picha ya kawaida. Weka mchoro mezani karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, simama juu yake simu ikiwa sambamba na karatasi, na rudi nyuma kidogo kisha ukuze mara 2, maana lenzi iliyo karibu mno hupinda mistari ya ukingoni. Risasi ya penseli inang'aa. 4B na 6B zikipigwa na mwanga kutoka juu hutoka nyeupe pale ambapo zingepaswa kuwa nyeusi kuliko pote. Mwanga utoke pembeni, kwa mlalo wa nyuzi 45 hivi.

Tatizo kubwa la picha ya simu ni kwamba upande wa dirisha huwa mweupe na upande wa pili huwa na kivuli. Baada ya kupiga mchoro, usisogeze chochote: weka karatasi tupu ya aina ileile mahali palepale, uipige nayo. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, iweke karatasi tupu juu ya mchoro, ilainishe kwa Gaussian Blur ya pikseli 30 hivi, kisha badili modi ya leya iwe Divide. Kivuli kinatoweka, penseli inabaki. Kama hukupiga karatasi tupu, nakili mchoro wenyewe na uulainishe kwa pikseli 100 au zaidi, halafu Divide. Njia hii ya pili hufanya kazi kwa mistari. Penye kivuli kikubwa cha penseli, kwa mfano nywele au usiku, itakipausha katikati na kuacha ukingo mweusi.

Sasa usafishaji wenyewe. Chombo ni Levels, kilicho kwenye menyu ya Colors ndani ya GIMP na kwenye Filter, sehemu ya Adjust, ndani ya Krita. Programu zote mbili ni za bure. Utaona grafu: kilima kikubwa upande wa kulia ndiyo karatasi, kwa kawaida kati ya 225 na 245 (0 ni nyeusi tii, 255 ni nyeupe pee), na mkia mwembamba unaokwenda kushoto ndiyo penseli, ambao mara nyingi hukomea 50 au 60 bila kufika sifuri. Kosa la wengi ni kusogeza pembetatu nyeupe hadi kilima chote kimekwisha, kwa furaha ya kuona karatasi imekuwa theluji. Mistari hafifu kuliko yote imejificha kwenye mguu wa kushoto wa kilima hicho, nayo huondoka na karatasi: mkunjo wa kope, kivuli chini ya mdomo, mshono wa kola. Iache pembetatu nyeupe kati ya kilele na mguu. Pembetatu nyeusi isogeze hadi mkia unapoanza. Ya katikati ishushe hadi 0.85 au 0.8 ili penseli ishike. Uchafu utakaosalia ondoa kwa mkono; ni kazi ya robo saa, na robo saa hiyo ndiyo inayookoa uso wa mhusika.

Levels hizo ziweke kama kichujio kinachoweza kubadilishwa baadaye. Krita inakuruhusu kuongeza Filter Mask juu ya leya, na GIMP 3.0 iliyotoka mwaka 2025 huacha vichujio wazi kwenye leya. Ukishapaka rangi utagundua kwamba mistari inahitaji kukazwa au kulegezwa, na utataka kurudi hapa.

Kama unachora rasimu kwa penseli ya bluu hafifu kisha unapitia kwa penseli ya kawaida, skani kwa rangi. Picha ya rangi ina chaneli tatu, nyekundu, kijani na bluu. Rangi ya bluu huwa karibu nyeupe kwenye chaneli ya bluu, kwa hiyo ukichagua Mono Mixer ya GIMP na kuweka nyekundu 0, kijani 0, bluu 1, rasimu yote inafifia na penseli ya juu inabaki. Kwa rasimu ya penseli nyekundu fanya kinyume: bakiza chaneli nyekundu. Waliozoea kufuta rasimu kwa raba watapenda hili zaidi, kwa sababu raba hupunguza pia mstari ule unaoutaka na huparuza karatasi.

Kuona uchafu, weka juu kabisa leya ya kichujio cha Levels yenye pembetatu nyeusi imesukumwa hadi 200 hivi. Picha yote inakuwa nzito na kila alama ya kiganja, nywele na vumbi inajitangaza. Safisha kwenye leya ya mchoro, kisha zima kichujio. Kwa madoa yaliyo mbali na mistari tumia brashi nyeupe yenye ukingo mgumu. Kwa masizi yaliyosambaa katikati ya mistari tumia Dodge, ukichagua Highlights na nguvu ya 20 au 30: hung'arisha kijivu chepesi tu na kuacha mistari mizito ilivyo. Pita taratibu mara kadhaa badala ya kupaka kwa nguvu mara moja, la sivyo utaona duara jeupe mahali ulipopita.

Mchoro ukiwa safi, uweke juu na ubadili modi iwe Multiply, inayozidisha thamani za leya ya juu na ya chini kisha kugawa kwa 255. Nyeupe inakuwa kama haipo, na leya zote za rangi zinakaa chini yake. Hapa ndipo utajua kama ulisafisha kweli. Karatasi iliyobaki na thamani ya 235 haitakuwa wazi. Itashusha kila rangi iliyo chini, njano ya 255 iwe 235, na picha nzima itaonekana kama imepakwa chai. Njia ya pili ni Color to Alpha, ukichagua nyeupe: mistari inabaki peke yake na penye karatasi panakuwa wazi. Napendelea hii, kwa sababu ukifunga uwazi wa leya unaweza kupaka mistari yenyewe rangi.

Na mistari inahitaji rangi. Kijivu cha penseli juu ya njano hutoa rangi ya matope. Hesabu yake ni nyepesi: njano ya maembe, yaani nyekundu 255, kijani 220, bluu 0, ikizidishwa na kijivu cha 150 inakuwa 150, 129, 0, yaani kijani kibovu cha majani yaliyolowa. Badili kijivu kile kiwe hudhurungi, 190, 140, 110, na jibu linakuwa 190, 121, 0, rangi ya asali. Ndiyo maana michoro mingi iliyopakwa kwenye kompyuta huonekana michafu hata kama rangi zimechaguliwa vizuri: kivuli cha penseli kimeachwa kijivu. Paka mistari ya ngozi na mavazi ya rangi joto kwa hudhurungi, ya majani kwa kijani kizito, ya mbingu na maji kwa bluu iliyokolea. Usiende mbali mno. Tofauti ndogo inatosha.

Rangi za msingi ndizo zinazochosha zaidi. Ndoo ya rangi haifanyi kazi kwenye penseli kama inavyofanya kwenye wino. Mstari wa penseli una matundu, na rangi hupenya na kujaza ukurasa mzima, au husimama mbali na mstari na kuacha ukingo mweupe wenye meno. GIMP, tangu toleo la 2.10.10 la mwaka 2019, ina chaguo ndani ya ndoo liitwalo Fill by line art detection, ambalo hukadiria mahali mstari ulipokatika na kuuziba. Ongeza Maximum gap length ikiwa rangi inavuja. Krita ina Colorize Mask: unaburuta alama fupi ya rangi katika kila eneo, unabonyeza Update, nayo inagawa ukurasa yenyewe. Gap close hint ndiyo ya kuziba mianya. Usisahau kuburuta alama moja nje ya mhusika na kuiteua kuwa ya uwazi, maana bila hiyo mandharinyuma yote itapakwa. Kwenye picha kubwa ni nzito, sababu nyingine ya kufanya kazi kwa 300. Ukiridhika igeuze kuwa leya ya kawaida.

Penye penseli laini sana, hasa nywele na nyasi, acha mitambo hiyo uzungushie eneo kwa mkono ukitumia Free Select, kulainisha ukingo kukiwa kumezimwa. Ukingo mgumu wa pikseli hauonekani kwa kuwa penseli iko juu yake, na faida yake ni kubwa: kila rangi ya msingi ni moja kamili, kwa hiyo baadaye unaweza kuichagua kwa mguso mmoja. Ukilainisha ukingo, kila uteuzi utaacha uzi wa pikseli za rangi ya zamani. Kabla ya kujaza, panua uteuzi kwa pikseli 2 ili rangi iingie chini ya mstari. Kisha weka chini kabisa leya ya waridi kali isiyotumika popote kwenye picha. Kila tundu ulilosahau litakukodolea macho.

Ngozi nyeusi inastahili nafasi yake, maana maelekezo mengi yaliyoenea yameandikwa kwa ngozi nyeupe na yakifuatwa yalivyo hufuta uso. Sababu ni Multiply ileile. Mstari wa kijivu cha 180 juu ya karatasi nyeupe unatofautiana na karatasi kwa ngazi 75. Juu ya hudhurungi ambayo nyekundu yake ni 107, mstari huohuo unashuka hadi 75 au 76, tofauti ya ngazi 31 au 32 tu. Pua, mkunjo wa shavu na mstari wa kope vinazama. Usitatue kwa kupausha ngozi ya mhusika. Nakili leya ya mistari, iweke juu kwa Opacity ya asilimia 50 (100 ni leya iliyokolea kabisa), na ifiche kwa kinyago isipokuwa penye ngozi. Kisha ujenge uso kwa mwanga. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwenye mng'ao kuliko kwenye kivuli: paji la uso, mfupa wa shavu, ncha ya pua, bega. Mng'ao huo si mweupe. Nje mchana kweupe ngozi inayotazama juu huakisi mbingu, kwa hiyo chukua bluu iliyofifia, modi ya Screen inayong'arisha, Opacity ya asilimia 20 hadi 35. Ndani ya nyumba yenye taa ya njano, mng'ao uwe wa machungwa. Kivuli kiwe cha zambarau au nyekundu iliyokolea, katika leya ya Multiply, wala si nyeusi. Viganja na nyayo ni vyepesi na vya waridi kidogo, mdomo wa chini mara nyingi huwa mwepesi kuliko wa juu, na sehemu nyeupe ya jicho ishushwe hadi 215 au 220, vinginevyo macho yatatoka usoni kama taa.

Khanga ni mtihani mwingine. Mtu akichora ruwaza moja kwa moja kwenye mwili, pindo hupanda na kushuka ovyo. Ichore khanga yenyewe kwanza, bapa, kwenye faili yake. Khanga ina upana wa kama sentimita 150 na kimo cha 110, kwa hiyo turubai ya pikseli 1500 kwa 1100 inaikaa sawasawa. Chora pindo pande zote nne, mji katikati, na jina mahali pake. Ilete kwenye mchoro kama leya, uikunje kwa Warp au Cage Transform ifuate nyonga na mkono. Kisha fanya jambo ambalo wengi huliruka: kila penye mkunjo uliochorwa kwa penseli, kata ruwaza na uisogeze kidogo upande mmoja, kwa sababu kitambaa kilichomezwa na mkunjo hakionekani. Jina ndilo linaloumbua kazi ya haraka. Likisomeka lote, limenyooka, kwenye khanga iliyofungwa kiunoni, jicho linakataa papo hapo. Acha herufi mbili tatu zipotee mkunjoni. Kivuli cha mikunjo tayari kipo kwenye penseli. Usikiongeze mpaka umekiona kikikaa juu ya ruwaza.

Kanzu nyeupe, kinyume chake, karibu haihitaji kazi. Ipakwe nyeupe iliyovunjwa, 245, 243, 238, vivuli vya penseli vipewe bluu kidogo kwa leya ya Opacity ya asilimia 15, basi.

Picha ikienda kwenye simu na mitandao, iache kwenye sRGB (mfumo wa rangi wa skrini), itazame kwenye simu mbili tofauti moja ikiwa ya bei ya chini, na uhifadhi nakala yenye leya zote kwa muundo wa programu yenyewe, XCF au KRA. Ikienda kiwandani kuchapwa, ongeza milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatwa, na ujue kwamba bluu na kijani kikali vitafifia katika CMYK, yaani wino nne za uchapaji. Kwenye karatasi ya gazeti wino husambaa na vivuli huwa vizito zaidi ya ulivyoviona, kwa hiyo vilegeze kabla hujakabidhi. Mpe mchapaji faili mbili: rangi peke yake kwa dpi 300, na mistari peke yake kwa kijivu, dpi 600, nakala uliyoitunza kabla ya kupunguza picha. Aiweke mistari kwenye wino mweusi tu, ichapwe juu ya rangi. Mistari ya hudhurungi iliyoundwa kwa wino nne inahitaji sahani nne za kuchapia zikae sawa kabisa. Zikihama hata kwa unywele, penseli yote inakuwa na ukungu wa waridi na bluu kandokando, na hapo faili haina tena cha kurekebishwa.